Konyo Konyo Inahitaji Mwanafizikia

Nyanya, vitunguu na ndizi za kupika huingia soko la Konyo Konyo, mjini Juba, kwa malori kutoka Uganda kupitia Nimule. Wauzaji ni Wasudani Kusini, Waganda, Wakenya na Waethiopia, na Kiswahili husikika humo pamoja na Kiarabu cha Juba, Kibari na Kiganda. Bei hupanda na kushuka kufuatana na hali ya barabara na thamani ya dola. Mvua zinapoanza, kuanzia Aprili hivi, ipo huduma moja ambayo haidodi: kupima damu. Muuza mboga mwenye homa, kijana wa bodaboda anayetetemeka kwenye jua kali, mtoto aliyeamka mwili umechemka, wote huishia kwenye benchi la kliniki au duka la dawa la jirani. Kidole huchomwa, tone hutoka, jibu husubiriwa.

Wengi huwa wamelikisia jibu kabla ya kupewa. Sudan Kusini mbu wa malaria hawana likizo; maambukizi huendelea mwaka mzima, hupanda wakati wa mvua, na hakuna mkazi aliye salama kabisa. Makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO) kwa mwaka 2022 yalikuwa wagonjwa wapatao milioni 2.8 na vifo zaidi ya 6,600, yaani watu 18 kila siku iendayo kwa Mungu. Julai 2024 nchi hiyo ilianza kuwapa watoto chanjo ya R21, ambayo majaribio yake makubwa yalifanyika Burkina Faso, Mali, Kilifi nchini Kenya na Bagamoyo nchini Tanzania.

Orodha ya wanaotajwa katika vita hivi inajulikana: daktari, muuguzi, mtaalamu wa maabara, mfamasia, mhudumu wa afya wa kijijini, mgawa vyandarua. Mwanafizikia hayumo. Akitajwa, watu humwazia mtu wa mabomu, setilaiti au nguzo za umeme. Makala haya yanasema anastahili kuwemo kwenye orodha hiyo tena karibu na juu, na ushahidi wa hilo ni kazi ya profesa mmoja wa fizikia ambayo sehemu yake muhimu ilitegemea damu ya watoto wa pwani ya Kenya.

Pietro Cicuta ni Mwitaliano, profesa wa fizikia ya viumbe hai katika Maabara ya Cavendish, Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Cavendish si jina geni kwa waliosoma sayansi. Ilifunguliwa mwaka 1874. Humo J. J. Thomson aligundua elektroni mwaka 1897, na humo humo James Watson na Francis Crick walifumbua umbo la DNA mwaka 1953. Crick mwenyewe alikuwa amesomea fizikia. Max Perutz, aliyetumia mionzi ya eksirei kulichunguza umbo la hemoglobini hadi akapata Nobel ya Kemia mwaka 1962, naye alianzia hapo. Kwa hiyo mwanafizikia kuingia kwenye damu ni desturi ya zamani ya maabara hiyo.

Cicuta hakuanza na malaria. Utafiti wake wa mwanzo, miaka ya 2000, ulihusu tabaka nyembamba za protini zinazoelea juu ya maji, ikiwemo kasini, ambayo ni protini ya maziwa. Alizibana na kuzivuta ili ajue ni wakati gani zinatiririka na ni wakati gani zinakaa kama kitu kigumu. Mwaka 2007 yeye na wenzake Sarah Keller na Sarah Veatch walichapisha utafiti kuhusu mwendo wa madoa ya mafuta ndani ya utando, aina ile ile ya utando unaoizunguka kila seli. Mwaka 2008 akawa ameshika seli nyekundu ya damu yenyewe kwa leza na kupima jinsi inavyovutika na kurudi. Mwaka 2010, pamoja na kundi lake, alionyesha kwamba vipira vidogo visivyoonekana kwa macho, vikiendeshwa kwa leza ndani ya kimiminika, vinaweza kuanza kwenda kwa mwendo mmoja kwa sababu tu kila kimoja kinasukuma maji kuelekea kingine. Huo ni mlango wa kuelewa silia, vinyweleo vinavyopiga ndani ya njia zetu za hewa na kusukuma makohozi nje.

Mtu akiitazama orodha hiyo harakaharaka atauliza: maziwa, mafuta, vipira na makohozi, vinahusianaje? Vinahusiana kwa kuwa vyote ni vitu laini vinavyotikiswa na joto na kusukumwa na kimiminika, na aliyejifunza kukipima kimoja ameshajifunza nusu ya kukipima kingine. Hapo ndipo penye somo la kwanza kwa wanaopanga bajeti za utafiti katika ukanda wetu. Hakuna wizara ya afya ambayo ingekubali kulipia utafiti wa utando wa kasini kwa hoja kwamba siku moja utasaidia kuieleza malaria. Hata Cicuta mwenyewe asingeweza kuandika ahadi kama hiyo kwenye fomu ya maombi.

Ili kuona alivyofika kwenye malaria, lazima kuisogelea seli yenyewe. Seli nyekundu ya damu ina kipenyo cha takriban mikromita 8. Milimita moja huhitaji zaidi ya mia moja zikipangwa mstari. Haina kiini. Ni mfuko wa hemoglobini uliofunikwa na utando wa mafuta, na chini ya utando huo kuna wavu wa protini iitwayo spektrini. Katika siku zake 120 hivi za kuishi hupita kwenye mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe, ikijikunja na kujinyoosha, na kila inapoingia kwenye wengu hulazimika kujipenyeza kwenye nyufa nyembamba zaidi. Isiyoweza kujikunja huishia humo.

Iweke chini ya hadubini, hata ikiwa imetulia kwenye kimiminika, ukingo wake utaonekana unatikisika. Mtikisiko huo ulionekana tangu karne ya 19. Mwaka 1975 wanafizikia wawili, Françoise Brochard na J. F. Lennon, walieleza kwa hesabu jinsi joto la kawaida, lile linalozihangaisha molekuli za maji bila kukoma, linavyoweza kuutikisa utando wa seli. Utando uliolegea hutoa mawimbi makubwa. Uliokazwa, kama ngoma iliyowambwa vizuri, hutoa madogo. Anayeweza kupima ukubwa wa mawimbi hayo anaweza basi kuujua mkazo wa utando bila hata kuigusa seli. Vinavyohitajika ni hadubini, kamera inayopiga mamia ya picha kwa sekunde, na programu ya kompyuta inayoufuata ukingo wa seli picha baada ya picha.

Chombo kingine alichokuja nacho ni kibano cha leza. Arthur Ashkin, Mmarekani, alionyesha mwaka 1986 kwamba mwale mmoja wa leza uliokusanywa na lenzi unaweza kushika kitu kidogo na kukibeba. Mwaka 2018, akiwa na umri wa miaka 96, akapewa Nobel ya Fizikia. Kundi la Cicuta, likishirikiana na wanabayolojia wa Cambridge Teresa Tiffert na Virgilio Lew pamoja na Julian Rayner, mtaalamu wa malaria, liliutumia mwale wa aina hiyo kukamata vimelea vya malaria katika umbo lao la kuvamia damu, viitwavyo merozoiti, na kuvisogeza hadi kwenye seli nyekundu. Kisha wakavivuta ili kujua vimeng'ang'ania kwa nguvu gani. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014: takriban pikonyutoni 40. Piko moja ni sehemu moja ya trilioni ya kizio. Kwa mara ya kwanza swali la kwamba kimelea kinaishikaje seli likapata jibu la namba.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biolojia ya malaria mwanafizikia alikuwa mgeni hasa. Wenyeji walikuwa wamejikita, kwa sababu za msingi kabisa, kwenye protini: ni protini gani ya kimelea inayoshikana na ipi ya seli, na chanjo gani inaweza kuzuia mshikano huo. Mgeni aliuliza swali la kijinga kidogo: je, seli yenyewe ina ulaini gani?

Swali hilo lilipata thamani yake Kilifi.

Pwani ya Kenya ina historia ndefu ya kuifundisha dunia kuhusu damu na malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alikusanya sampuli za damu nchini humo mwaka 1949 akaona kwamba chembechembe za selimundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini ni adimu nyanda za juu kwenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtu aliyerithi jeni moja ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria. Miaka 35 baadaye, mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI, na wafadhili wa Wellcome wa Uingereza walianzisha kituo cha utafiti Kilifi. Kwa miaka mingi kituo hicho kimefuatilia watoto wanaolazwa hospitalini hapo, homa zao, damu zao na jeni zao.

Katika rekodi hizo ndimo lilimochomoza kundi la damu liitwalo Dantu. Mwaka 2017 watafiti walieleza kwamba Dantu hutokana na jeni mbili za protini za juu ya seli nyekundu, ziitwazo glaikoforini, kukatika na kuungana upya. Kundi hilo linapatikana zaidi upande wa mashariki mwa Afrika, na Kilifi si haba. Aliyerithi Dantu kwa baba na mama ana kinga ya asilimia 74 dhidi ya malaria kali. Kinga hiyo inakaribiana na ile ya selimundu, na ilikuwa kubwa kuliko chanjo bora ya malaria iliyokuwepo wakati huo. Ila hakuna aliyejua Dantu inafanyaje kazi.

Silvia Kariuki, mtafiti wa kituo cha Kilifi, ndiye aliye wa kwanza kwenye orodha ya waandishi wa utafiti uliotoa jibu hilo katika jarida la Nature, Septemba 2020. Pamoja naye walikuwemo Alejandro Marin-Menendez, Viola Introini wa Cavendish, Thomas Williams wa Kilifi, Rayner na Cicuta. Damu ilitoka kwa watoto 42 wenye afya njema wa Kilifi: wengine hawakuwa na jeni ya Dantu, wengine walikuwa nayo moja, wengine mbili. Sampuli ziligandishwa, zikasafirishwa hadi Uingereza, zikayeyushwa, zikachanganywa na vimelea, na kamera ikawashwa.

Kinachoonekana kwenye filamu za aina hiyo kinafaa kusimuliwa polepole. Seli iliyoambukizwa huvimba, kisha hupasuka ghafla na kumwaga merozoiti 16 hadi 32, kila kimoja kikiwa na urefu wa mikromita moja au mbili. Vina dakika chache tu za kupata makazi mapya. Kimoja hugonga seli ya jirani na kunata. Utando wa seli hubonyea, huinuka pembeni, hata hukizungushia kimelea kama unataka kukifunika. Kimelea hujigeuza mpaka ncha yake ielekee ndani, kisha huzama. Kuzama kwenyewe ni jambo la sekunde kumi, ishirini hivi. Muda mfupi baadaye seli iliyovamiwa hujikunyata na kuota miiba, halafu taratibu hurudia umbo lake. Kwenye seli za Dantu mambo mengi huanza vivyo hivyo. Kimelea hunata, hujaribu. Mara nyingi hakiingii.

Watafiti walitarajia kukuta protini fulani imekosekana, au mshikano fulani umevunjika. Ni kweli Dantu ilikuwa imebadilisha protini nyingi za juu ya seli, lakini mabadiliko hayo hayakulingana na kushindwa kwa kimelea kuingia. Kilicholingana ni mkazo. Seli za Dantu, kwa wastani, zilikuwa zimekazika zaidi. Kuna kiwango, kiasi cha sehemu nne za milioni kumi za nyutoni kwa mita, ambacho seli ikikizidi ni nadra kimelea kuingia. Na hilo lilikuwa kweli hata kwa seli za watoto wasio na Dantu, kwa sababu ndani ya mtu mmoja seli hazilingani. Zipo legevu na zipo zilizokazika. Dantu inaongeza tu idadi ya zile zilizo juu ya mstari.

Kipimo kilichotoa jibu hilo kilitoka kwa watu waliokuwa wakitazama vitu vikitikisika, miaka mingi kabla ya kukutana na Dantu. Matokeo yake ya kitabibu bado ni ya kutafutwa: kama dawa inaweza kukaza kidogo tu utando wa seli nyekundu bila kuifanya ikwame kwenye wengu, kimelea kingepata kizuizi ambacho si rahisi kukizoea, maana kizuizi hicho kiko kwenye mwili wa mwenyeji, hakiko ndani ya kimelea. Dawa hiyo haipo. Lakini sasa wanaoitafuta wanajua wapime nini.

Tuligeukie sasa jambo ambalo magazeti yetu hayakulisemea sana mwaka ule, yakiwa yamezama kwenye habari za korona. Damu ilikuwa ya Kilifi. Takwimu za hospitali zilikuwa za Kilifi. Mtafiti wa kwanza alikuwa wa Kilifi. Kipimo cha mkazo kilifanywa Cambridge.

Si kwamba kuna aliyeibiwa. Waafrika wameandikwa panapostahili, na ushirikiano wa aina hii ni mfano mzuri kuliko ule wa zamani wa kuchukua sampuli na kutoweka. Hoja ni nyingine. Vifaa vilivyopima mkazo si mashine ya kuvunjia atomu. Ni hadubini nzuri, kamera ya kasi, kifaa cha kutunza joto, na mtu anayejua hesabu ya mtikisiko na anayeweza kuandika programu. Gharama yake ni ndogo kuliko ya mashine nyingi za picha ambazo serikali zetu hununua kwa ajili ya hospitali kuu. Kilichokosekana katika ukanda huu ni kiti cha mwanafizikia ndani ya maabara ya damu: nafasi ya kazi, mshahara, na mtu wa kumuuliza maswali.

Wahitimu wetu wa fizikia mara nyingi huishia kufundisha sekondari, au kuhamia benki na kampuni za simu. Si aibu. Ila katika mpango wa kawaida wa chuo, idara ya fizikia iko kitivo kimoja, shule ya tiba iko kingine, na hospitali iko mtaa mwingine kabisa. Mwanafunzi wa fizikia anaweza kumaliza shahada bila kuitazama seli hata moja, na wa tiba akamaliza bila kuuliza kwa nini seli haipasuki.

Msomaji wa Juba atakuwa na pingamizi, na ni pingamizi zito. Nchi iliyopata uhuru Julai 2011, ikaingia vitani Desemba 2013, ambayo zahanati zake nyingi hutegemea mashirika ya misaada, ambako mafuriko hukata barabara kwa miezi, ati ianze kuajiri wanafizikia wa kupima mtikisiko wa utando? Watu wapewe dawa kwanza. Wapewe vyandarua. Mtoto wa Konyo Konyo hataponywa na nyutoni kwa mita.

Kweli, hataponywa. Lakini tone lake la damu liko mbele ya kifaa cha fizikia tayari, na kifaa hicho kikikosea, dawa haitamfikia au atapewa asiyoihitaji. Kipimo cha haraka cha malaria, kile cha kijistari, katika aina zake nyingi hutafuta protini ya kimelea iitwayo HRP2. Katika Pembe ya Afrika wamejitokeza vimelea waliopoteza jeni ya protini hiyo, na hao hupita bila kuonekana. Eritrea ililazimika kubadilisha vipimo vyake mwaka 2016, na Ethiopia, jirani wa Sudan Kusini, nayo imewakuta. Wafanyabiashara, madereva na wakimbizi huvuka mipaka hiyo kila siku, na vimelea husafiri nao bila pasi.

Palipo na shaka juu ya kijistari, hadubini hurudi kuwa hakimu. Na kazi ya hadubini ni kazi ya macho na subira. Tone nene hupakwa kwenye kioo, hukauka, hutiwa rangi ya Giemsa, husuuzwa, huwekewa tone la mafuta, kisha mtaalamu husogeza lenzi ya kukuza mara mia. Kabla ya kuandika kwamba hakuna malaria, anatakiwa awe amepitia angalau sehemu 100 za kioo hicho. Wagonjwa wakiwa arobaini kwenye foleni, umeme wa jenereta ukizimika, skrubu ya kusogezea kioo ikiwa imelegea, nani atafika mia?

Hapa jina la Cicuta linarudi tena, safari hii kwenye kazi iliyogusa Dar es Salaam. Yeye ni mmoja wa waandishi wa utafiti wa mwaka 2020 kuhusu hadubini iitwayo OpenFlexure, iliyobuniwa na kundi la Richard Bowman, mwanafizikia aliyeianza akiwa Cambridge kisha akaiendeleza Chuo Kikuu cha Bath. Miongoni mwa waandishi wenzake wamo wahandisi wa karakana ya STICLab ya Dar es Salaam na watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwili wa hadubini hiyo huchapwa kwa plastiki na printa ya pande tatu. Haina reli za kuteleza zinazolika. Plastiki yenyewe hupinda kidogo, na kupinda huko, kukiendeshwa na mota ndogo, husogeza kioo kwa hatua ndogo kuliko mikromita moja. Kamera na kompyuta yake ni ndogo na hununulika. Michoro yote iko wazi, mtu yeyote anaichukua bure. Kufikia mwaka 2020 zaidi ya 100 zilikuwa zimetengenezwa Tanzania na Kenya kwa ajili ya shule, utafiti na hospitali. Mashine hiyo inaweza kupitia kioo yenyewe, sehemu baada ya sehemu, na kuhifadhi picha, bila macho kuchoka.

Atakayeitengeneza Juba ni nani? Masoko yetu yamejaa mafundi simu wanaokaa nyuma ya vioo vya kukuzia, hita ya kuchomelea mkono mmoja, kibano mkono mwingine, wakibadilisha vijisehemu vidogo kuliko punje ya mchele. Konyo Konyo haikosi mafundi wa namna hiyo. Mikono ipo. Kinachohitajika ni mtu wa kuwaeleza kwa nini lenzi inatakiwa kukaa umbali fulani kutoka kwenye kamera, wa kuhakikisha picha inayotoka inasomeka, na wa kulinganisha jibu la mashine na la mtaalamu wa maabara kabla mgonjwa hajapewa dawa. Hiyo ni kazi ya mwanafizikia aliyefunzwa kuhusu seli. Na mtu huyo huyo, akishakuwa na hadubini inayofanya kazi, kamera na damu safi ambayo haikuhitaji kugandishwa wala kupanda ndege, anaweza kuanza kupima mtikisiko.

Kwa hiyo uchaguzi kati ya dawa leo na utafiti kesho si uchaguzi halisi. Njia inayoanzia kwenye kutengeneza kifaa kilichokufa ndiyo inayofikia kwenye kuuliza maswali mapya, na Cavendish yenyewe ilijengwa na watu waliotengeneza vifaa vyao kwa mikono.

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975. Vita vilikihamishia Khartoum na amani ikakirudisha. Kina shule ya tiba, na Hospitali ya Kufundishia ya Juba iko mji huo huo. Umbali kati ya darasa la fizikia na wodi ya watoto ni wa bodaboda. Sudan Kusini iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na Jumuiya hiyo imeshaonyesha kwamba inaweza kugawana maabara: mwaka 2020 nchi sita wanachama zilipewa maabara tisa za kwenye magari, Sudan Kusini ikiwemo. Kuhusu fedha, viongozi wa Afrika walikubaliana Januari 2006, mjini Khartoum, kila nchi itenge asilimia moja ya pato lake kwa utafiti. Ahadi hiyo ilitolewa kwa hiari yao.

Mambo matatu yanaweza kufanyika bila kusubiri asilimia hiyo ikamilike. Kwanza, kila maabara ya rufaa ya taifa katika Jumuiya iwe na nafasi ya kudumu ya mwanafizikia, na Juba isiwe ya mwisho kuipata. Pili, mkataba wowote wa kusafirisha damu nje ya ukanda kwa utafiti uambatane na mafunzo ya kipimo kitakachofanywa huko, kwa mtu atakayerudi kukifanya hapa; Kilifi wamepiga hatua katika hilo na wanaweza kuwafundisha wengine. Tatu, wanafunzi wa fizikia wa Juba, Makerere, Dar es Salaam na Nairobi wapewe muhula mmoja ndani ya maabara ya hospitali, kama wanavyopewa wale wa ualimu muda wa kufundisha shuleni.

Mwaka wa fedha wa Sudan Kusini huanza Julai. Mshahara wa mtu mmoja ni mstari mmoja kwenye bajeti ya wizara, na kazi yake ya kwanza iko tayari: apite kliniki zinazolizunguka soko la Konyo Konyo, aziombe hadubini zilizowekwa kabatini kwa kuharibika, na aandike kwa kila moja kilichoiua, iwe ni taa, skrubu, ukungu kwenye lenzi, au kukosa tu mtu wa kuifungua.